Sukuma wiki ya Kusini mwa Marekani: supu kwanza, majani baadaye

Tangu nihamie Georgia, swali ni lile lile. Mtu amekula sukuma wiki kwa jirani Mmarekani, au kwenye chakula cha baada ya ibada, ikamkaa moyoni: laini, rangi ya kijani iliyokolea, ina harufu ya moshi, na chini ya bakuli kuna supu ambayo angeinywa kwa kikombe. Akirudi nyumbani anajaribu. Ya kwanza inatoka ngumu, ya pili chungu, ya tatu ina mchanga. Ndipo anapiga simu: "Dada, hawa wenzetu hutia nini?"

Jani ni letu. Mboga unayoikuta dukani imeandikwa collards ndiyo ile ile sukuma wiki inayokuzwa nyuma ya nyumba Kiambu, Nakuru au Arusha. Kinachotofautiana ni jiko. Sisi huikata nyembamba kama nyuzi, tukaikaanga na kitunguu na nyanya, na baada ya dakika kumi ugali uko mezani. Wao hupika supu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi kwanza, kisha wakaizamisha mboga humo kwa saa nzima au zaidi. Anayeipika kwa mazoea ya nyumbani, haraka haraka, hataipata hata akinunua viungo vyote vya duka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha moto

Hiki ni kipimo cha watu 6, na supu itabaki.

- Sukuma wiki kilo 1, yaani mafungu makubwa 2 au 3
- Nyama ya moshi gramu 600 hadi 700: mabawa 2 ya bata mzinga, au paja 1
- Maji lita 2
- Kitunguu maji 1 kikubwa
- Kitunguu saumu punje 4
- Mafuta ya kupikia kijiko kikubwa 1
- Pilipili kavu iliyopondwa, nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga
- Siki ya tufaha vijiko vikubwa 2
- Sukari kijiko cha chai 1, ukipenda
- Chumvi, lakini iweke mbali mpaka hatua ya 9

Sufuria iwe kubwa, ya lita 6 au zaidi, yenye mfuniko. Utahitaji pia sinki safi au beseni pana la kuoshea. Jipe saa 3. Kazi ya mikono ni kama dakika 40 tu, zilizobaki ni za moto.

Kuhusu mboga: wengi hukosea dukani kabla hata hawajafika jikoni. Ile yenye majani yaliyojikunja kingo kama nywele za kusuka ni kale, na si yenyewe. Yako ina majani mapana, bapa, makubwa kuliko kiganja, yenye uti mnene mweupe katikati. Chagua yaliyo imara, yasiyo na manjano wala matobo mengi. Majani ya wastani ni laini kuliko yale makubwa kama sinia. Na ukiweza, pika wakati wa baridi. Watu wa Kusini husubiri shamba lipigwe na jalidi ya kwanza ndipo wavune, na wana haki: mmea huu ukipatwa na baridi huongeza sukari kwenye majani, ladha ikapoa. Ile ya katikati ya kiangazi huwa kali zaidi. Wanaijali mboga hii kiasi kwamba mwaka 2011 jimbo la South Carolina liliitangaza kuwa mboga rasmi ya jimbo.

Ipo pia iliyokatwa tayari, ya mfukoni. Inafaa siku ya haraka, ila hukatwa pamoja na uti wake. Mwaga yote kwenye beseni uchambue vipande vya uti kabla ya kupika.

Kuhusu nyama: mapishi ya asili hutumia nguruwe, hasa kifundo cha mguu kilichokaushwa kwa moshi, au mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi. Siku hizi nyumba nyingi hutumia bata mzinga wa moshi, na mimi nautumia huo. Ukiwa Mwislamu, tafuta wenye alama ya halali kwenye maduka ya Waarabu au Wasomali. Zaidi ya hapo, ukialikwa au ukiagiza mboga hii mgahawani, uliza ilipikwa na nini kabla hujaonja. Kwa macho inaonekana mboga tupu, kumbe supu yake ni ya nguruwe. Mwenyeji hatachukia kuulizwa.

Asiyekula nyama kabisa atie paprika ya moshi vijiko vya chai 2, uyoga uliokaangwa mpaka ukawa kahawia, na mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 3. Itakuwa chakula kizuri, ingawa supu yake itakuwa nyepesi. Na kama uko Mwanza au Kisumu na hujui bata mzinga wa moshi utamtoa wapi, mifupa ya ng'ombe iliyobanikwa hukaribia. Samaki wa moshi pia anafaa, ila mtie dakika 15 za mwisho, la sivyo atasambaratika na miiba itajaa mbogani.

Hatua kwa hatua

1. Chemsha nyama peke yake. Suuza mabawa, yaweke sufuriani, mimina lita 2 za maji baridi. Yakianza kuchemka, engua povu, punguza moto, funika, uache yatokote taratibu kwa saa 1 hadi saa 1 na nusu. Utajua supu iko tayari nyama ikianza kuachana na mfupa ukiisukuma kwa mwiko, maji yamekuwa rangi ya chai hafifu, na juu yanaelea macho madogo ya mafuta. Onja. Ikiwa supu yenyewe haina ladha, mboga haitaipatia, kwa hiyo ongeza muda.

Usitie chumvi hapa. Nyama ya moshi huja na chumvi yake, na nyingine huja nayo nyingi. Mara yangu ya kwanza nilitia kijiko kizima mwanzoni, kama ninavyotia kwenye supu ya mbuzi, na unga wa mchuzi wa paketi juu yake. Supu ilipopungua ikawa haimezeki. Nilikuwa nimealika watu wanane.

2. Osha mboga wakati nyama inatokota. Hatua hii usiifupishe kwa sababu yoyote. Sukuma wiki hukua karibu na udongo, na mchanga hujificha kwenye mikunjo ya upande wa chini wa jani, pale uti unapogawanyika. Kuiweka chini ya bomba hakutoshi. Jaza sinki maji baridi, tia chumvi kiganja kimoja (ya kuoshea, si ya kupikia), zamisha majani, uyapige-pige na kuyageuza kwa mikono. Yaache dakika 10 mchanga utue chini.

Sasa sikiliza: nyanyua majani uyatoe, ndipo umwage maji. Ukimwaga maji majani yakiwa ndani, mchanga wote unarudi juu yake. Maji yakishaisha, pitisha kidole chini ya sinki. Utausikia mchanga kama unga wa dona. Suuza sinki, jaza tena, rudia. Mara ya pili bado kidole kitakwaruzwa. Mara ya tatu mara nyingi huwa shwari, na kama bado, nenda ya nne. Simama tu pale kidole kitakapoteleza bila kukutana na kitu.

3. Toa uti. Kunja jani mara mbili kwa urefu, kama unavyofunga daftari, shika uti kwa mkono mmoja na uvute jani kwa mkono mwingine kuanzia chini kwenda juu. Litachanika lenyewe, utasikia mlio kama kitambaa kipya kinachopasuliwa. Kwenye ncha ambako uti ni mwembamba, uache. Uti mnene huiva nusu saa nyuma ya jani, na ndio unaofanya watu waseme mboga ni ngumu wakati jani lenyewe limeshaiva. Kuna wanaoupenda. Kama ni wewe, ukate vipande vidogo uutie sufuriani dakika 20 kabla ya majani.

4. Kata. Panga majani 6 au 7, yakunje kama mkeka, ukate vipande vya upana wa vidole viwili. Hapa mkono uliozoea sukuma wiki ya Kenya unataka kukimbia na kisu. Uzuie. Ukikata nyembamba, baada ya saa moja ya moto utapata uji wa kijani. Vipande vipana ndivyo vinavyobaki na umbo.

5. Kaanga kitunguu. Kwenye kikaango cha pembeni, pasha mafuta, kaanga kitunguu maji kwa moto wa wastani mpaka kilainike na kingo zianze kuwa kahawia, kama dakika 8. Tia kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili kavu, nusu dakika tu, kisha mimina vyote kwenye supu. Hakuna nyanya. Najua mkono unaitafuta, lakini nyanya ina uchachu, na uchachu huzuia mboga kulainika. Ndiyo sababu hiyo hiyo siki inasubiri mwisho.

6. Tia majani kwa awamu. Yataonekana mengi kuliko sufuria. Tia konzi tatu nne, zamisha kwa mwiko, funika dakika 2 yanywee, kisha tia mengine. Kilo nzima itaingia kwa awamu nne au tano. Supu si lazima iyafunike yote mwanzoni. Yakishanywea yatazama yenyewe.

7. Acha moto mdogo ufanye kazi. Funika, mfuniko uwe umeachwa wazi kidogo, na moto uwe wa kutokota tu. Geuza kila baada ya dakika 15. Kuanzia dakika ya 45, toa kipande kimoja, pooza, utafune. Kikikatika kwa ulimi na ufizi bila meno kufanya kazi, kimeiva. Majani machanga huchukua dakika 45, makubwa saa 1 na nusu. Saa ya ukutani haijui majani yako yana umri gani, kwa hiyo amini kinywa. Supu ikipungua ikashuka chini ya mboga, ongeza maji ya moto kikombe kimoja kimoja. Mboga hii haikaushwi.

Rangi itageuka kutoka kijani kinachong'aa kuwa kijani cha zeituni. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Wapo wanaotia magadi au baking soda ili ibaki ya kijani na iive haraka. Ni kweli inaiva haraka, lakini inakuwa na utelezi, ladha inaingia usabuni, na sehemu ya vitamini inapotea. Kwenye mlenda magadi ni sawa, hapa hapana.

8. Chambua nyama. Toa mabawa, yaache yapoe, nyofoa nyama uirarue vipande vidogo, tupa ngozi na mifupa, rudisha nyama sufuriani. Mabawa ya bata mzinga yana mifupa myembamba kama sindano nene. Kama kuna watoto mezani, pitia nyama kwa vidole mara mbili.

9. Malizia ladha. Sasa ndipo chumvi inaingia, robo kijiko cha chai kwa mara moja, huku ukionja supu na jani pamoja. Tia pilipili manga. Tia siki kijiko kimoja, koroga, onja, kisha cha pili kama bado unahisi ladha imelala. Siki haitafuti uchachu wa achari, inaamsha mafuta na moshi. Sukari ni hiari yako. Hata Kusini kwenyewe wanabishana juu yake, na mimi hutia pale tu majani yalipokuwa ya kiangazi. Zima moto, funika, acha dakika 15 kabla ya kupakua.

Kupakua

Pakua na supu yake, kwenye bakuli au sahani yenye kina. Supu hiyo ina jina lake, wenyewe huiita potlikker, na ndiyo heshima ya chakula hiki. Kabichi na ndugu zake, sukuma wiki ikiwemo, waliletwa Amerika na Wazungu, lakini namna hii ya kuchemsha majani kwa muda mrefu na kuinywa supu yake ilishikwa na kukuzwa na Waafrika waliokuwa watumwa Kusini, waliopika kwa kilichopatikana: majani ya bustani na kipande cha nyama kisichotakiwa na bwana. Kwa hiyo usiimwage kwenye sinki. Nimeona Mkenya mwenzangu akiichuja mboga kama anachuja tambi, nikamshika mkono.

Mwenzake wa jadi ni mkate wa mahindi uliookwa kwenye kikaango cha chuma. Mwaka 1931 Huey Long, gavana wa jimbo la Louisiana, alibishana hadharani, kwa wiki kadhaa, na gazeti la Atlanta Constitution: mkate uchovywe kwenye supu au ufikichwe ndani yake? Long alikuwa upande wa kuchovya. Sisi tunaotoka kwenye ugali tunaelewa uzito wa swali hilo, na nakuhakikishia tonge la ugali wa moto likichovya potlikker halihitaji mkate.

Siku ya tarehe 1 Januari, familia nyingi za Kusini hula mboga hii pamoja na kunde na wali. Majani huashiria noti, kunde huashiria sarafu, ili mwaka uwe na riziki. Mtu wa Pwani aliyekulia wali wa kunde atajiona yuko nyumbani. Weka mezani na chupa ya siki iliyolowekwa pilipili nzima, kila mtu ajimiminie.

Ikikuharibikia

Bado ni chungu. Angalia chumvi kwanza kabla ya sukari. Chumvi kidogo hufunika uchungu kuliko watu wanavyodhani. Kisha sukari kijiko cha chai kimoja, kisha dakika 20 zaidi za moto. Kama mboga ilikuwa na manjano tangu dukani, haitatengenezeka.

Ni ngumu baada ya saa nzima. Kuna mawili: moto ulikuwa chini mno hata supu haikutokota, au ulitia siki au nyanya mapema. Ongeza moto kidogo, kikombe cha maji, na uvumilie nusu saa nyingine.

Chumvi imezidi. Kiazi hakifyonzi chumvi kama inavyosemwa, kinakunywa supu tu. Chota nusu ya supu uiweke kando, mimina maji ya moto kiasi kile kile, tokosa dakika 10. Ile ya kando usiitupe, itapikia kunde.

Haina ladha. Karibu kila mara ni kwamba nyama ilichemshwa pamoja na mboga badala ya kutangulia. Kwa leo, toa mboga, chemsha supu peke yake bila mfuniko ipungue kwa theluthi, tia paprika ya moshi nusu kijiko cha chai, rudisha mboga. Kesho anza na nyama.

Mchanga umeusikia mdomoni. Usikoroge. Nyanyua mboga taratibu kwa mwiko wenye matundu, acha supu itulie dakika 10, kisha ichuje kupitia kitambaa safi. Utaokoa sehemu kubwa, si yote.

Huna saa 3. Sufuria ya presha inafaa: nyama na maji dakika 30 za presha, fungua, tia kitunguu kilichokaangwa na majani, dakika 15 hadi 20 tena. Siki bado ni ya mwisho.

Angalizo moja la afya: sukuma wiki ina vitamini K nyingi mno. Mtu anayetumia warfarin kuzuia damu kuganda asianze ghafla kula bakuli kubwa kila siku bila kuzungumza na daktari wake. Wazee wetu wengi huku wako kwenye dawa hiyo, kwa hiyo muulize mgeni kabla hujampakulia.

Kilichobaki kiingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita tangu uzime moto. Kigawe kwenye vyombo vifupi ili kipoe haraka, nacho kitakaa siku 3 hadi 4. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, ndiyo maana mimi hupika Jumamosi kwa ajili ya Jumapili. Mboga inagandishika vizuri ikiwa imezama kwenye supu yake. Supu iliyozidi naigandisha kwenye vikombe vidogo, na kikombe kimoja nikikitia kwenye wali badala ya maji, wanangu hula bila kuuliza mboga iko wapi.